"Nenda Nairobi" Si Dawa

Kuna sentensi moja inayotolewa bila malipo katika vyumba vya daktari kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, na ni ghali kuliko dawa zote zilizo kwenye rafu: "Hii sasa itabidi uende Nairobi uone bingwa." Inasemwa kwa upole. Mgonjwa anashukuru, anakunja karatasi, anaiweka kwenye mkoba pamoja na kitambulisho, halafu anatoka nje kumpigia mtoto wake wa mjini. Mtoto huyo ni wewe. Basi tuongee.

Kwa saratani, kwa figo, kwa moyo ulioharibika, sentensi hiyo huokoa maisha na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale inapotumika kwa ugonjwa ambao hauihitaji, na mfano ninaoujua vizuri ni tezi ya thairoidi iliyopunguza kazi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usinitafute mbele: wengi wenye ugonjwa huu Kitui na Makueni hawahitaji bingwa wa Nairobi. Wanahitaji kipimo kimoja cha damu, kidonge kimoja kwa siku, na mtu wa kukirudia kipimo hicho baada ya wiki sita. Wachache wanaomhitaji bingwa kweli kweli ndio hao hao tunaowaweka mbali naye. Tumevaa shati ndani nje.

Tezi yenyewe ni ndogo, imekaa mbele ya koo kama kipepeo aliyetua, na kazi yake ni kuuambia mwili uende kwa kasi gani. Ikipunguza homoni, kila kitu kinashuka gia. Moyo unapiga polepole, tumbo linafunga, ngozi inakauka, nywele zinabaki kwenye kitana, hedhi inakuja nzito, mtu anavaa sweta Kibwezi saa saba mchana. Uzito unapanda na sahani ni ile ile. Kumbukumbu inakuwa kama redio iliyotoka kwenye masafa. Na juu ya hayo yote, uchovu.

Hapo kwenye uchovu ndipo ugonjwa huu umepata maficho mazuri Ukambani. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri, akachimba mchanga kwenye mto uliokauka hadi maji yatokee, akampakia punda mitungi minne, akarudi kupika, akaenda shambani kupalilia ndengu, akisema "nĩnanoa", nimechoka, nani atashangaa? Jibu analopata ni moja tu: nani hajachoka? Miezi ikizidi kupita, uchovu unapewa majina mengine. Amezeeka. Ni mambo ya wanawake wa umri huo. Ana msongo. Amekuwa mvivu tangu mtoto aanze kumtumia pesa. Na kuna jina la mwisho ambalo Kenya nzima hupenda kututupia sisi Wakamba kwa utani, kwamba kuna mtu amemfanyia kitu. (Utani huo umezeeka, bana. Tafuteni mwingine.) Ugonjwa huu huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, kwa hiyo neno "mvivu" hushika haraka. Tezi ndiyo imezembea, lakini jina anabandikwa mwenye tezi.

Sasa, watu husikia "homoni" wakadhani tunazungumzia sayansi ya juzi. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Newcastle, Uingereza, aitwaye George Murray, alichukua tezi za kondoo, akatengeneza maji yake na kumdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba na kuganda kwa ugonjwa huu. Mama huyo aliamka. Aliishi hadi 1919, miaka 28 mingine, kwa nguvu za kondoo wa Uingereza. Homoni yenyewe ilitengwa Marekani siku ya Krismasi mwaka 1914, na katika miaka ya 1920 wanakemia wakajua kuitengeneza bila kumgusa mnyama. Leo inaitwa levothairoksini. Ni kidonge kidogo kuliko punje ya ndengu, kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hakina siri yoyote iliyofungiwa Nairobi.

Kipimo nacho hakina maajabu. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndiyo nyapara. Kibarua wa shingoni akilegea, nyapara anapaza sauti, na sauti hiyo ndiyo inayopimwa kwenye damu kwa jina la TSH. Namba ikiwa juu, nyapara anapiga kelele na kibarua hasikii. Ukiongeza kipimo cha pili, cha homoni yenyewe ya T4, wagonjwa wengi tayari wamejulikana hali yao. Ndiyo maana mabingwa wenyewe, katika miongozo ambayo vyama vyao viwili vya Marekani vilitoa mwaka 2012, walikiri kwamba madaktari wengi wa kawaida wanaweza kuutambua na kuutibu ugonjwa huu. Wakaorodhesha ni nani anayefaa kupelekwa kwao. Orodha hiyo ni fupi, nitaifikia. Mama yako aliyechoka, asiye na uvimbe shingoni, asiye na mimba, asiye na ugonjwa wa moyo, hayumo.

Lakini ndiye anayetumwa. Hebu tufuate hiyo safari kwa sababu wanaoitoa hawajawahi kuifuata. Tuseme anatoka Ikutha. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui sasa ina lami, na hilo nalisifu; zamani hata kufika Kitui mjini kulikuwa ni kazi ya siku. Anaamka usiku, anabadilisha gari, anateremka Nairobi kwenye makelele ya Landhies Road akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kama ana bahati ana mtoto Pipeline au Kayole wa kumlaza. Asubuhi analipa kumwona daktari, dakika kumi, anaandikiwa kipimo. Analipa kipimo. Kesho yake anarudi kusomewa namba. Anaandikiwa kidonge, anaambiwa: rudi baada ya wiki sita. Wiki sita si uchoyo wa daktari, homoni hii hukaa mwilini polepole na namba haitulii kabla ya hapo. Akirudi, dozi inaongezwa kidogo, rudi baada ya wiki sita tena. Kwa hesabu ya kawaida, mwaka wa kwanza una safari nne au tano, na kila safari kitu pekee kipya kinachojulikana ni namba moja. Namba! Kitu ambacho kingeingia kwenye meseji na nafasi ya salamu ikabaki.

Safari ya kwanza wanauza mbuzi. Ya pili kunaundwa kikundi cha WhatsApp cha mchango. Ya tatu unafuliza. Ya nne haipo. Dawa zinaisha, uchovu unarudi, na mtu anasema zile dawa za Nairobi hazikumsaidia. Halafu kwenye faili yake inaandikwa kwamba mgonjwa hakurudi.

Nisichoweza kukivumilia ni kwamba haya yanatokea katika kaunti mbili ambazo, kwa mambo ya afya, zimewahi kufikiri mbele ya nchi nzima. Makueni chini ya Kivutha Kibwana ilianzisha mpango wake wa matibabu kwa wote mwaka 2016, shilingi 500 kwa familia kwa mwaka, wakati Nairobi bado inaandaa semina. Charity Ngilu, mwanasiasa wa Kitui, akiwa Waziri wa Afya alipigania mswada wa bima ya afya ya jamii. Bunge likaupitisha mwaka 2004, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Alipokuwa gavana alirudi na bima ya kaunti yake mwaka 2018. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu wanasiasa hawa wawili, mimi pia ninayo, lakini wazo lilizaliwa huku kwetu, kwenye ukame na jua.

Ila tazama fahari ya serikali, ya kaunti na ya taifa, ilikwenda wapi. Mwaka 2015 zilikuja mashine za kukodi kwa mabilioni: za kusafisha damu, za eksirei, za vyumba vya upasuaji. Mwaka 2018 wakaja madaktari 100 kutoka Cuba wakagawanywa kwenye kaunti, na mwaka 2023 serikali ikaumaliza mpango huo. Hospitali mpya zikafunguliwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Kipimo cha homoni hakina utepe. Chupa ya kemikali za maabara haipigwi picha na gavana. Na tangu Oktoba 2024 tuna SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wa aliyeajiriwa, na kwa asiye na mshahara shilingi 300 kwa mwezi au zaidi. Sawa, tulipe. Lakini bima haipandi matatu. Hakuna kadi inayokulipia nauli, lojing'i, na siku nne za shamba zilizopotea.

Kitui peke yake ni zaidi ya kilomita mraba 30,000, karibu sawa na nchi nzima ya Ubelgiji. Ukijumlisha na Makueni ng'ambo ya mto Athi, sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni mbili. Ukisema watu wote hawa wakitetemeka kwa baridi isiyokuwepo waende Nairobi, hiyo si rufaa tena.

Kuna watakaosema ninahatarisha watu, kwamba homoni si mchezo na bora bingwa. Nawajibu kwa ile orodha, kwa sababu hapa ndipo ninapokuwa mkali upande wa pili. Kuna watu ambao wakiambiwa waende wanapaswa kwenda hata kama ni kwa kubebwa, na hawa ndio hatuwasukumi.

Mjamzito ndiye wa kwanza. Katika wiki kama kumi hadi kumi na mbili za mwanzo, mtoto tumboni hana homoni yake ya kutosha, anategemea ya mama, na ubongo wake unajengwa kwa hiyo. Mwanamke mwenye tezi dhaifu akishika mimba, mara nyingi dozi yake inatakiwa ipande mapema, mapema sana, na kipimo kirudiwe kila baada ya wiki chache. Sasa wengi wetu huanza kliniki lini? Mwezi wa nne, wa tano, tumbo likishajitangaza. Wakati huo msingi umeshamwagwa. Halafu kliniki inampa vidonge vya madini ya chuma, jambo jema kabisa, na hakuna anayemwambia kwamba chuma ikimezwa pamoja na levothairoksini huizuia kuingia mwilini, avitenganishe kwa saa nne hivi. Anameza zote asubuhi kwa bidii. Anayepanga kushika mimba naye amo kwenye orodha, hata kabla tumbo halijaonekana.

Wa pili ni mtoto mchanga. Katika nchi nyingi zenye uwezo, kila mtoto huchomwa kisigino siku za kwanza, tone la damu likapimwa tezi, kwa kuwa aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi akianzishiwa dawa ndani ya wiki mbili za mwanzo anaweza kukua kama wenzake, na akicheleweshwa akili yake inadumaa bila njia ya kuirudisha. Kwetu kisigino hicho bado hakichomwi kama desturi. Mtoto mtulivu, halii sana, analala vizuri, mnasema Mungu amewapa mtoto mpole. Ukiona mtoto mpole kupita kiasi, mwenye manjano isiyoisha na tumbo linalofunga, hapo ndipo pa kupiga kelele kwenye dawati la hospitali hadi waandike barua ya kumpeleka kwa bingwa wa watoto.

Wengine: mwenye rovu au kinundu shingoni; mwenye ugonjwa wa moyo, kwa sababu dozi kubwa ya ghafla inaweza kumwumiza; mwenye ugonjwa mwingine wa homoni; mwenye majibu yasiyoeleweka; na ambaye amemeza dawa vizuri, miezi imepita, namba inakataa kushuka. Hawa mabingwa ni wao. Lakini foleni ya bingwa imejaa watu wasiohitaji kuwa pale, na anayehitaji anapewa tarehe ya mbali.

Nimesema "amemeza dawa vizuri", na hapo nitakaa kidogo maana kuna kitu kinachonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kidonge hiki hupenda tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula. Sisi asubuhi ni chai, na chai yetu si ile ya mfuko kwenye maji moto. Ni chai iliyochemka na maziwa hadi ikabadilika rangi. Mama anaamka, anaweka kidonge mdomoni, anakisukuma na kikombe cha kwanza. Kalsiamu iliyo kwenye maziwa inakikamata njiani. Namba inabaki juu. Dozi inaongezwa, namba inabaki juu, na mwisho sentensi yetu inatoka: nenda Nairobi. Bingwa mwenye miaka mingi ya masomo anakaa na kumwuliza, "Unameza na nini?" Swali hilo angeweza kuliuliza mhudumu wa afya wa kijijini akiwa amesimama chini ya mwembe. Hakuna aliyemfundisha aliulize, basi.

Na penye pengo hapakosi wafanyabiashara. Fungua simu yako sasa hivi utawaona, wanauza unga wa "kuamsha tezi", matone ya madini joto, majani ya bahari, chai ya kusafisha homoni. Hapa niseme wazi. Upungufu wa madini joto ndio uliowahi kuleta marovu sehemu nyingi za dunia, lakini chumvi ya Kenya imekuwa ikitiwa madini hayo tangu miaka ya 1970. Mahali ambapo chumvi inayo, sababu kubwa ya tezi kuzembea huwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, hali aliyoieleza daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912. Ukimwongezea mtu kama huyo madini joto kwa chupa, unaweza kuizidishia tezi yake mzigo. Mlonge ni mboga nzuri, kula. Lakini mlonge hautengenezi homoni. Anayemwuzia mama yako unga huo anajua kitu kimoja ambacho kaunti haijui, kwamba mgonjwa hununua kilicho karibu.

Sasa dawa ya haya yote, kwa maoni yangu, iko kwenye barabara ile ile. Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kupima. Hospitali ya umma tuliyoanzia ilisema mashine ipo, kemikali zake zimeisha, na kwa vyovyote angefaa aende Nairobi. Tukavuka barabara hadi maabara ndogo ya mtu binafsi. Kijana akachukua damu, akaiweka kwenye kisanduku chenye barafu, kisanduku kikapanda gari la jioni kwenda Nairobi. Majibu yalikuja kwa simu kesho yake kabla ya chakula cha mchana, tukiwa nyumbani tunachambua muthokoi. Yaani damu ilisafiri usiku kucha bila kuhitaji lojing'i wala mchango.

Na hili serikali inalijua. Kwa miaka mingi sampuli za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi zimekuwa zikitoka vituo vya mashambani kwenda maabara kubwa kupimwa wingi wa virusi, na majibu yakarudi vituoni. Hakuna aliyewaambia wote wapande basi. Vijia hivyo vya pikipiki na visanduku vya barafu tayari vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba chupa ya damu ya tezi nayo ina haki ya kiti. Bingwa mmoja akija Wote siku moja kwa mwezi, na Kitui siku nyingine, akawaona wajawazito, wenye vinundu na watoto, na siku zilizobaki akapokea simu za madaktari wa wilayani wakimsomea namba, angefanya kazi kubwa kuliko akikaa Upper Hill akiongeza dozi za watu wanaomeza kidonge na chai.

Kwa hiyo mama akikupigia na ile karatasi iliyokunjwa, kabla ya kutuma nauli mwulize maswali. TSH imepimwa? Ni ngapi, nipigie picha. Una uvimbe shingoni, moyo unasumbua? Dawa unameza saa ngapi, na nini? Ukiona yumo kwenye orodha, tuma nauli, tuma na ya mtu wa kumsindikiza, usingoje mwisho wa mwezi. Asipokuwemo, tuma pesa ya kipimo na ya kidonge, na mwombe daktari wa hapo hapo aanze.

Halafu kuna vikao vya bajeti. Makueni imesifiwa hadi nje ya nchi kwa jinsi inavyowashirikisha wananchi kutoka kijijini kwenda juu, na Katiba inazitaka kaunti zote zifanye hivyo. Kwenye vikao hivyo watu huomba barabara, maji, chumba cha kujifungulia, na wana haki. Mwaka huu mtu mmoja asimame, hata kama ni wewe uliyepanda gari kutoka mjini Ijumaa jioni, aulize maabara ya hospitali ya wilaya iliishiwa na kemikali za kupima tezi tarehe gani, nani aliandika barua ya kuagiza nyingine, na barua hiyo imelala kwenye meza ya nani.